Ogada Tai na Arap Kibuyu

Mogogosiek,
14 Februari 2026

Waya Aoko,

Nakusalimu wewe shangazi yangu, na kuku wako, na jirani yako Mama Akello ambaye najua atataka kusomewa barua hii. Msomee hadi aya ya pili tu, tafadhali.

Ulisema nisikupigie simu kwa sababu masikio yamekataa, na nisikuandikie kwenye simu kwa sababu mambo ya maana hayaandikwi kwa kidole gumba. Basi naandika. Bahasha nitaipeleka Kericho ofisi ya vifurushi, nao wataiweka kwenye basi linalopitia Sondu hadi kwenu Kendu Bay. Ikichelewa, usidhani nimesahau.

Kazi nimeanza. Mimi ni karani wa kituo cha kununulia majani. Wakulima wanaleta majani mabichi, tunayamwaga mezani, tunayakagua, tunapima, kisha lori la kiwanda linachukua. Yanayotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Nikiona magumu yamezidi, narudisha. Hapo pa kurudisha ndipo panaponitia hofu. Mtu amechuma tangu umande haujakauka, halafu mtoto wa juzi, tena mgeni, anamwambia hapana.

Nimepanga chumba kwa mjane mmoja anayeitwa Rebeccah. Ana shamba la chai, ng'ombe wawili na redio. Binti yake Janeffer yuko Nairobi, haji sana. Siku ya kwanza aliniuliza jina, nikasema Gordon. "Gordon nani?" Nikasema Oyugi. Akasema, "Aaa." Kisha akaingia ndani akaniletea mursik, yale maziwa ya Wakipsigis ya kibuyu yenye majivu. Nilidhani yatanishinda. Lakini nilipoyaonja, Waya, niliijua ladha yake, na sikumbuki nimewahi kuyanywa wapi.

Hiyo "Aaa" yake, baada ya kusikia jina la Kijaluo, nimeifikiria wiki nzima.

Nilipokuambia kazi yangu iko huku, ulienda kufungia kuku ilhali jua lilikuwa bado kali. Sikuuliza. Hata sasa siulizi.

Mtoto wa ndugu yako Joab,
Gordon

*

Kendu Bay,
9 Machi 2026

Gordon mwanangu,

Barua imefika. Kuku ni wazima isipokuwa yule mweupe, ameliwa na kicheche. Mama Akello alisomewa hadi aya ya pili, akaomba ya tatu, nikamwambia imeandikwa kwa Kiingereza.

Mchango wa kanisa umepita vizuri. Kaburi la baba yako nimelipalilia.

Je, tai unaivaa? Ile ya bluu niliyokununulia ulipohitimu. Karani bila tai ni kama mlinzi bila rungu, watu hawajui amekuja kufanya nini. Ivae hasa siku za kurudisha majani ya watu. Mtu akikataliwa na mtu nadhifu, haumii sana.

Maziwa kunywa, hayana ubaya.

Jambo moja. Ukipanda basi kuja nyumbani, litapita Sosiot na kusimama sokoni. Watu hushuka kununua ndizi. Wewe usishuke. Sina sababu ya kukupa.

Waya wako,
Aoko

*

Mogogosiek,
28 Machi 2026

Waya,

Pole kwa kuku mweupe. Mimi ni mzima, mvua zimeanza, majani yanaongezeka na mikono yangu imekuwa na rangi ya chai. Asante kwa kumpalilia baba.

Naomba unisaidie kufikiri jambo, kwa kuwa huku sina wa kumwuliza.

Kila jioni baada ya habari kuna mchezo wa redio. Unachezwa kwa Kipsigis, ila ndani yake kuna mtu mmoja anayeongea Kiswahili cha kujivuna. Anaitwa Ogada Tai. Ni karani aliyetoka ziwani. Hana hata kitanda, lakini anavaa tai mpaka akienda kuoga. Anakopa, anajisifu, anapendekeza kuoa binti za watu bila ng'ombe hata mmoja. Wilaya nzima inampenda kwa kumchukia. Asubuhi mezani kituoni ndiye anayezungumzwa kabla ya bei na kabla ya mvua.

Rebeccah humtukana kama yuko mlangoni. "Msikie huyo mbwa! Suti ya nani hiyo? Rudi kwenu ukavue samaki, mjinga wewe!" Kisha ananigeukia kwa sauti nyingine kabisa: "Gordon, kijana wangu, ongeza chai. Hujala."

Najaribu kuwa mwenye haki. Ogada Tai hayupo. Hana mama wa kulia akitukanwa. Mtu akimtukana asiyekuwepo, amemkosea nani? Nimejiambia hivyo kila jioni. Lakini kama jiwe limerushwa mahali pasipo na mtu, mbona mimi ndiye ninayeinama?

Halafu nikamkumbuka Arap Kibuyu wako. Unakumbuka? Ulikuwa ukitusimulia mimi na binti yako Molly, tukiwa wadogo. Yule mzee wa Kipsigis aliyebeba kibuyu cha maziwa akaingia katika mahindi yake mwenyewe, akapotea. Alizunguka mara tatu. Kila akifika penye bua lilelile alilisalimia, "Chamgei!", akidhani ni jirani. Tulicheka mpaka Molly akalowesha mkeka. Tulikuwa tukipiga kelele, "Mjinga! Mjinga!"

Nami sikuwahi kuuliza. Waya, wakati ule tulikuwa tukimtukana nani?

Wako,
Gordon

*

Kendu Bay,
30 Mei 2026

Gordon,

Nimechelewa kujibu. Ziwa limepanda tena, maji yamefika kwenye mabanda ya samaki na wale akina mama wamehamia karibu na barabara. Kelele zingenisumbua kama ningekuwa na masikio. Mzee Oyoo wa kanisani amefariki, si huyu mume wa Molly, ni yule mwingine. Mazishi yalikuwa ya heshima. Mafuta ya taa yameongezeka bei. Nimepata jogoo.

Umeniuliza kuhusu hadithi. Hadithi ni za watoto, na wewe sasa una ndevu.

Mimi nilikuuliza kuhusu tai, nawe umenijibu mambo yote mengine.

Aoko

*

Mogogosiek,
11 Julai 2026

Waya,

Natumaini jogoo ana adabu. Huku ni baridi, ukungu unakaa hadi saa nne. Nimenunua blanketi la pili.

Tai siivai. Niliivaa siku ya kwanza tu. Baada ya kumsikia Ogada niliikunja nikaiweka chini ya sanduku. Nisamehe, nilishindwa kuandika.

Sasa nikuambie yaliyotokea wiki hii. Mzee mmoja anayeitwa Johana alileta majani mengi, na zaidi ya nusu yalikuwa magumu. Nilijaribu kusema kwa upole.

"Mzee, haya yatarudi. Ukichambua haya laini, nitayapima."

"Yatarudi wapi? Ng'ombe wangu hanywi chai."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Ningeishia hapo. Lakini akasema, "Kwani karani, kwenu mnapanda chai ama mnaivua kwa nyavu?"

Msichana mmoja, Fancy, ambaye kila asubuhi hunisalimia vizuri, akaita kutoka nyuma: "Ogada Tai! Tai iko wapi?"

"Ameisahau bafuni!"

"Hapana, ameikopesha samaki!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi pia nilicheka, Waya. Uso wangu ulicheka peke yake, sikuuamuru. Kisha mwanamume ambaye sikumwona akasema, si kwa sauti kubwa, "Acheni achague. Mwaka ujao ni wa kura. Tutaona ni nani atachagua nani."

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyegeuka kumtafuta msemaji. Nilitazama mikono yangu mezani ikiwa juu ya majani, na nikaona siwezi kuiondoa.

Rebeccah alikuwa kwenye foleni. Alitua kikapu chake. "Nyinyi hamna haya? Huyu anakula kwangu. Anafua nguo zake mwenyewe, anaenda kanisa, hajawahi kunijibu vibaya. Mimi namjua. Huyu si kama wao!"

Mzee Johana akaanza kuchambua majani yake. Fancy akaja akamsaidia, bila kunitazama. Nikapima. Lori likaja.

Rebeccah aliniokoa, na nilimshukuru kwa lugha yao, nikasema kongoi. Akafurahi sana. Njiani alinishika mkono kama mtoto.

Lakini tangu siku hiyo neno moja halinitoki. Wao. Katika hilo neno uko wewe, Waya. Yuko baba kaburini kwake. Yuko Molly na watoto wake. Mimi nimetolewa humo kama jani moja laini, na ninyi mmerudishwa. Nami nilisema kongoi.

Sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyo sasa, na ninalishwa vizuri.

Gordon

*

Kendu Bay,
2 Agosti 2026

Mwanangu,

Sitakusalimu kwa kirefu. Rudi nyumbani.

Nimezungumza na Molly. Mumewe Oyoo ana duka la vifaa vya ujenzi pale Oyugis na anahitaji karani. Atakungoja mpaka mwisho wa mwaka. Hutaulizwa jina lako la pili. Kila mtu analijua.

Kuhusu tai sina kinyongo. Hata mimi nimewahi kuficha kitu.

Umeniuliza tulikuwa tukimtukana nani. Nitakujibu nusu. Tulipofika huku kutoka kule kwenye chai, Januari ile ya fujo za kura, ulikuwa na miaka sita. Wewe na Molly mlikuwa mkiamka mkipiga mayowe. Mkiona mtu yeyote mrefu amevaa koti la mvua, mnaingia chini ya kitanda. Mchungaji aliomba, haikusaidia. Nikafikiri, watoto hawa wanahitaji mtu wa kule, mdogo, wa kuchekwa. Nikamtengeneza. Nilimpa kibuyu, nikampoteza katika shamba lake. Usiku wa kwanza mlicheka. Wa pili mkalala.

Siombi radhi kwa hilo. Mlilala.

Ila ukiniuliza kama hadithi ile haikuacha kitu ndani yenu, siwezi kuapa. Dawa ya minyoo nayo ni sumu, ni kipimo tu. Mimi niliendelea kuwapa hata baada ya minyoo kuisha, kwa sababu mlikuwa mnaipenda, na kwa sababu mimi pia nilikuwa naipenda.

Labda huyo mama anayekupa chai naye kuna kinachomnyima usingizi, na Ogada ndiye dawa yake. Hilo si langu wala si lako. Funga sanduku uje.

Waya Aoko

*

Mogogosiek,
20 Septemba 2026

Waya,

Ninakusalimu na ninamshukuru Molly na shemeji Oyoo. Waambie nimesikia.

Nilifunga sanduku kama ulivyosema. Kwa kweli nilianza kulifunga, na chini kabisa nikaikuta tai. Ilikuwa imekunjika vibaya. Niliivaa ili ijinyooshe, nikaketi kitandani. Redio ikaanza sebuleni. Rebeccah akaita, "Gordon! Chai inapoa!" Nikatoka nikiwa nayo shingoni. Nilitaka kuivua, lakini nilipofika mlangoni alikuwa ameshaniona.

"Kuna harusi?"

"Hapana, mama."

Akanimiminia chai. Ogada Tai alikuwa anamwomba mzee fulani binti yake, akisema mahari ataleta kwa awamu. Rebeccah akaanza. "Awamu! Mbwa huyu! Hawa ndio wanaharibu watoto wa watu. Wezi na midomo, hawana kingine!"

Nikaweka kikombe chini. Sikuwa nimepanga kusema lolote, unanijua. Nikasikia sauti yangu ikisema:

"Mama, pole pole na huyo. Ni mjomba wangu."

Akageuka. "Nani?"

"Ogada. Ni mjomba wangu, upande wa mama."

Redio ikaendelea kuongea peke yake. Alinitazama, akaitazama tai. Nilidhani atasema nihame. Mdomo wake ukacheza kidogo, akasema, "Kweli mnafanana shingo." Akacheka, nami nikacheka, na safari hii uso wangu uliniuliza kwanza.

Halafu akapunguza sauti ya redio. Hajawahi kuipunguza mchezo ukiwa katikati. Akauliza polepole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa:

"Na huko kwenu, sisi tuna mtu wetu?"

Ningeweza kusema hapana. Nilisema ndiyo. Akasema, "Simulia." Nikamsimulia Arap Kibuyu, yote, kibuyu na mahindi na mizunguko mitatu na "Chamgei". Nilisimulia nikiangalia sakafu. Sikusema jinsi tulivyokuwa tukipiga kelele, lakini nadhani alizisikia.

Hakucheka. Alifikiri sana. Kisha akasema, "Hapana. Hiyo hadithi ina kasoro."

"Kasoro gani, mama?"

"Mtu hapotei kwa mahindi yake mwenyewe. Mimi nalijua shamba langu hata nikifungwa macho. Kama alizunguka mara tatu, alikuwa anataka kuzunguka. Na nani alimtoa?"

Sikujua. Hukuwahi kutuambia. Hadithi yako huishia akiwa bado humo ndani, anasalimia. Nilimwambia nitakuuliza.

Usidhani mambo yamegeuka. Bado anamtukana Ogada. Juzi alisema, "Mjomba wako ameanza tena upumbavu wake," na tusi likafuata, ila nami nilikuwa ndani yake, na sijui kama hiyo ni afadhali. Yule aliyesema maneno ya kura sijamjua hadi leo. Ninapopima majani natazama kila mdomo. Hofu haijaondoka. Fancy ameniona na tai na hakusema kitu. Alinisalimia tu.

Sijui nije au nibaki. Nitafanya utakavyosema. Lakini kwanza nijibu, kwa sababu kila jioni ananiuliza kama barua imefika. Nani alimtoa?

Gordon

*

Kendu Bay,
29 Novemba 2026

Gordon mwanangu,

Nimeianza barua hii mara nyingi na kuwashia moto. Kuku ni wazima. Masikio yamekufa kabisa sasa, nasikia mvua kwa miguu.

Huyo mama ana akili. Mwambie hivyo kutoka kwangu.

Aliitwa Kipkemoi. Tulikuwa tumepanga kwake, chini ya soko la Sosiot. Nilikuwa nauza dagaa mjini Kericho, baba yako alikuwa kwenye majani ya kampuni na Januari ile hakuweza kutufikia. Ulikuwa ukinywa maziwa jikoni kwa Kipkemoi kila siku, ndiyo maana ulimi wako unakumbuka.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Alikuja akasema, "Mama Molly, beba watoto." Akatuingiza katika mahindi yake. Yalikuwa yamekauka, alikuwa amechelewa kuyavuna. Alibeba kibuyu ili msilie. Wale wengine, waliokuwa wakiwawinda watu wa kwetu, walikuwa wakipita barabarani, huku na huku, na shamba lilikuwa katikati. Walipokuja upande huu alitupeleka upande ule. Ndiyo mizunguko. Na mabua yakitikisika, kila mara alisema kwa sauti ya kawaida, "Chamgei!", kama anayemsalimia jirani anayevuna karibu, ili waliokuwa barabarani wasikie mtu wa kwao yuko kazini kwake na wapite. Hakuwa anamsalimia mtu. Mlango wa kanisa sijawahi kuusikia ukifunguka vizuri kama salamu ile.

Tulipofika kwenye barabara ya lami lori la polisi lilikuwa linabeba watu. Alinipa kibuyu, akarudi humo ndani. Lori lilipoondoka nilimsikia akisalimia tena, kisha mara nyingine. Baadaye sikusikia, na wakati ule masikio yangu yalikuwa mazima.

Nilipotafuta mtu wa kuwachekesha, nilijaribu wale wengine kwanza. Waliokuwa barabarani. Nilijaribu kuwapa pua kubwa, nikajaribu kuwaangusha matopeni. Haikuwezekana, Gordon, hawakukubali kuchekesha. Katika watu wote wa kule aliyebaki ambaye ningeweza kumtazama ndani ya kichwa changu bila kutetemeka alikuwa yeye. Basi nikampa yeye ujinga.

Nani alimtoa, sijui. Miaka yote hii sikuuliza. Nilijua nikiuliza nitajibiwa.

Nimemwambia Oyoo ampe mtu mwingine ile nafasi. Nyumba hii ni kubwa na kimya chake unaweza kukikalia kama kiti, usidhani sikutaki. Lakini mimi sitashuka pale, na lazima mtu ashuke.

Ukija Krismasi, basi likisimama Sosiot, shuka. Usinunue ndizi. Teremka chini ya soko uulize kwa Kipkemoi aliyekuwa na mahindi. Kama yuko, msalimie kwa lugha yake, kwa sauti, asikie kuna mtu upande wa pili. Kama hayupo, uliza watoto wake.

Kibuyu ninacho. Nimekifunga pamoja na barua hii, ukipeleke.

Na vaa tai.

Waya wako,
Aoko